Kifuniko

Alfajiri ya Suwaiq mimi nimeamka,
vidole bado.
Vimegandana kama ukoko wa wali.
Navitia kwenye bakuli la maji moto,
navibembeleza kama watoto wa kupelekwa chuoni:
kimoja kinakubali, kingine kinanuna.

Juu ya friji ipo chupa ya duka la dawa,
riali sita na baisa mia mbili,
mafuta ya samaki ndani ya vidonge laini, rangi ya asali.
Kifuniko chake ubonyeze, kisha uzungushe.
Kimetengenezwa ili mtoto asiweze.
Basi mtoto ndiye mimi.

Namwita Azzan, mjukuu wangu, miaka saba,
anifungulie alichokatazwa.
Kra! “Khalas, bibi,”
ananihesabia viwili kiganjani.

Mikono hii imeshona kofia za viua.
Ya arusi ya babake Azzan ilinila miezi minne,
kitundu kwa kitundu, na nuru ya dirisha.
Siku hizi uzi haupiti,
na si macho, ni kidole gumba.

Daktari Lekha alinionyesha picha ya nyonga,
mfupa umejaa matundu.
Nikamwambia, kumbe na mwili unashona kofia!
Hakucheka.
Akasema baridi yabisi inakula,
na zile dawa za uvimbe, miaka minane,
nazo zimekuwa zikionja.
Na haya mafuta?
Akaweka kalamu chini.
“Huenda ukakaza kidogo ukapungua asubuhi.
Mfupa, Bi Shinuna, siwezi kukuahidi.
Na zile dawa nyingine usiache.”
Nilimpendea hiyo siwezi.

Huko pwani wameanika dagaa mchangani,
harufu yao mpaka kwenye mto wa kulalia.
Ni chakula cha mifugo.
Ngamia wa jirani yangu Humaid
huwatafuna kapu zima, bila chupa, bila kifuniko,
akainuka na magoti yake makubwa
wala hayalii.
Namtazama kwa husuda, Mungu anisamehe,
nami nimeshika ukuta.

Kabatini imo kofia moja, nusu,
sindano imebaki ilipokomea.
Leo nimeitoa.
Nimejaribu kuivuta, haitoki,
imeshika kutu.
Nimemtuma Azzan dukani.
Namba kumi, nimemwambia,
wakikupa tisa, rudisha.