Kifungu cha Tisa

Kikao cha sita. Chumba cha juu, jengo la utawala.
Ibra, mwezi wa Juni: nje nyuzi arobaini na saba,
ndani kipoza hewa kinatutetemesha
hadi Mundhir wa Rasilimali Watu
amekivuta kilemba kimefika masikioni.

Kazi yangu ni kuandika.
Naandika Kiarabu, kulia kwenda kushoto,
lakini pembeni, kwa penseli, naandika lugha
aliyorudi nayo bibi kutoka Unguja
ndani ya sanduku la bati, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
katika mji usio na mnazi hata mmoja.

Mezani: birika la kahawa, sahani ya tende,
rasimu ya mkataba, kurasa thelathini na moja,
na neno moja.

Chuo kinasema, *kitajitahidi kutoa*.
Chama kinasema, *kitatoa*.
Saa mbili u nusu tumelikalia neno hilo
kama kuku watatu juu ya yai.

Bibi angecheka. Jikoni alinifunza:
sikiliza kilichokaa tumboni mwa kitenzi,
mtu amejificha humo.
*Nitakupa*: huyu mkamate mkono.
*Nikipata nitakupa*: huyu mwache aende zake.
*Ningekupa*: huyu amekwisha kukunyima,
anatafuta adabu ya kukuaga tu.

Ghaliya binti Hamdun, fundi wa maabara,
mwenyekiti wetu, hajagusa kahawa.
Miaka kumi na tisa ya dawa imemwachia kidole
baka la rangi ya chai, na kidole hicho hicho
kimekaa juu ya kifungu cha tisa:
mapumziko, saa sita na nusu hadi tisa na nusu,
maji baridi, kivuli,
kwa *kila* afanyaye kazi ndani ya ukuta wa chuo.

*Kila*. Hapo Mundhir akakohoa.
Watunza bustani si wetu. Ni wa kampuni.
(Nikaandika: si wetu.)

"Miti ya nani?"
Ya chuo.
"Nyasi?"
Za chuo.
"Mpira wa kumwagilia?"
Akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akatazama tende.
Wa chuo, nadhani.
"Basi Shafiqul, aliyeanguka Jumanne mpira ukiwa mkononi,
mkono wake wa kampuni unaishia wapi?
Kwenye kiganja? Kwenye kiwiko?"

Kipoza hewa kikazima, kikawaka.
Pembeni penseli yangu ikaenda yenyewe:

*Mti umekuwa wenu, kivuli kiwe cha nani?*
*Na maji ni mali yenu, yapitayo bustani,*
*Mshika mpira wenu, mwamwita mtu wa nani?*
*Jua halina kampuni, lachoma wote kichwani.*

Sikuusoma. Kumbukumbu za kikao hazina vina.

Wakaomba dakika kumi, wakachukua arobaini.
Wakarudi na *kila*, wakarudi na *kitatoa*,
na nyongeza ya mshahara wameiacha huko walikokwenda:
*itaangaliwa*, bajeti ijayo.
Harith, dereva wa basi la wanafunzi,
mwenye mikopo miwili na harusi ya binti mwezi ujao,
akaniuliza kwa sauti ya chini, *itaangaliwa* ni nani ataiangalia?
Sikuwa na jibu la kuandika.

Mundhir akatabasamu: ahadi ya muungwana ni deni.
"Ndiyo," akasema Ghaliya,
"na deni lina tarehe. Andika tarehe."

Akaandika. Tukatia saini, kifungu cha tisa peke yake.
Harith alikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika kidogo,
na sijui kama ni hasira au ni mkono wa usukani.

Nje, Shafiqul, bandeji bado kwenye nyusi,
anakunjua mpira kando ya maegesho.
"Imekuwa?" akaniuliza, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
Nikatafuta kitenzi cha haki.
"Imeandikwa."
Akalipima neno. Akafungua bomba,
akajimwagia miguu kwanza,
kisha mti.