Mizani ya Makapi

Saa kumi na moja alfajiri malori yashapanga foleni,
kutoka Kisinga, Kyondo, na juu kule Kyarumba
ambako barabara huteleza kama sabuni.
Magunia yamevimba hadi kamba zinalia.
Ukiyaona utadhani yamebeba mlima;
yakipanda kwenye mizani yangu, mshale unatikisika tu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Makapi ya kahawa ni mepesi. Ndio ugomvi wetu wa kila siku.

Makaa ya mawe hayana ugomvi.
Yalikuja na meli, yakaja na trela la tairi ishirini na mbili,
meusi, mazito, hayamjui mtu.
Masereka wa tanurini husema: hawa ni wazee,
walikufa kabla babu wa babu hajazaliwa,
ndiyo maana wanawaka polepole, bila hamaki.
Makapi ni vijana. Yanashika, yanang'aa, yamekwisha.
Washa vijana peke yao, tanuri lapandwa na wazimu, kisha lapoa.
Washa wazee peke yao, bosi anahesabu dola, anashika kichwa.
Basi tunachanganya: saba za jiwe, tatu za ganda.

Kazi yangu ni kutia mkono guniani hadi kiwiko,
nishike katikati, pale udanganyifu unapolala,
nitoe konzi moja, nipime, nikaushe, nipime tena.
Kilichopotea ni maji.
Kumi na mbili kwa mia, pita.
Kumi na tano, tutazungumza.
Zaidi ya hapo moto utakohoa,
na Masereka atakuja mbio, jina langu mdomoni.

Jumanne alikuja mjomba Mbusa, magunia tisini,
koti la mazishi mwilini, kalamu mfukoni ingawa haandiki.
Hakuniita mpwa. Aliniita madamu,
nikajua.
Nikatia mkono. Baridi,
kama kushika tumbo la chura.
Kyondo haikunyesha wiki nzima; ilinyesha magunia tu.
Ishirini na tisa kwa mia.
Niliandika ishirini na tisa.

Alinitazama kwa muda wa kumenya ndizi moja.
Kisha: Miaka thelathini nimetandaza makapi haya shambani.
Migomba ililala juu yake kama watoto mkekani.
Mkaja na bei. Sasa mizizi iko uchi, inakunywa jua,
na bei yenyewe leo unaikata kwa konzi.
Maji niliyotia, Ithungu, ni yale migomba iliyoyakosa.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.
Akaweka sahihi kwa dole gumba; kalamu ikabaki mfukoni.

Makapi yake yakaanikwa uwanjani siku mbili,
kuku wa mlinzi wakiyachakura,
kisha yakaingia. Masereka akaniita nichungulie kwenye tundu la kioo:
mwali mweupe usio na umbo, cheche zikichupa
(hao vijana wako, akasema),
na chini yake wekundu mzito, usiojali.
Nilitafuta mahali kimoja kinapoishia kingine kianze.
Macho yakaniuma.

Nikauliza, na majivu? Yanarudi shambani?
Akacheka. Majivu gani, dada?
Yanaingia humo humo kwenye saruji.
Tanuri letu halinyi.

Krismasi nikapanda Kyondo.
Mjomba kasakafia sebule, mifuko sita, kwa mkono wake mwenyewe.
Hakusema karibu. Alisema vua viatu.
Mama Kabugho akaleta kahawa.
Nje, mgomba mmoja umeinama, umeegemezwa kijiti.
Tulikaa. Mjomba alisugua unyayo sakafuni, taratibu,
kama mtu apapasaye gizani kitu chake alichokiangusha.

Halafu, bila kuinua kichwa:
"Hii nayo, madamu, ngapi kwa mia?"