Amri ya Marehemu

Rannvá wa Klaksvík kabadili waya, kabadili umeme,
kadi kaichomoa na kuirudisha mara saba.
Kompyuta mpya, upana wa kiberiti,
yawasha taa nyekundu; kioo cheusi.
Zizini kondoo azaa, naye haoni.

Basi kadi kaichomeka kwenye kompyuta ya mwanawe,
akasoma faili kwa kidole, mstari kwa mstari.
Amri ya kioo ipo, haina kosa,
ila imeketi chini ya jina la marehemu:
ubao wa zamani ulioliwa na chumvi.
Mpya umefika hapo, ukaona si wake,
ukapita.
Adabu gani hii!

Juu ya amri akaandika, ndani ya mabano: wote.
Akawasha.

Kioo kikakohoa herufi nyeupe,
kisha mwanakondoo: asimama, aanguka,
asimama.