Ajenda Namba Saba

Kitabu cha kumbukumbu ninacho mimi
tangu jalada lake lilipokuwa jekundu.
Sasa lina rangi ya ini.
Fungua mwaka wowote:
ajenda ya kwanza, dua; ya pili, paa linavuja;
ya tano, nani atanunua samli;
ya saba, Vijana.
Ya saba daima,
chai imekwisha poa, watu wameshika makoti,
na tramu ya mwisho ya Transvaal haimngoji mtu.

“Vijana wavutwe,” niliandika mwaka wa tisini na nne.
“Vijana wavutwe zaidi,” mwaka uliofuata.
Kama ng'ombe. Kama pazia.

Tulijaribu, usituone wavivu.
Tuliwanunulia fulana za zafarani, saizi moja wote.
Tukaleta meza ya tenisi, mguu mmoja mfupi,
tukautegemeza kwa kitabu cha sala
mpaka Pandita Ramsaroep alipoona.
Walikuja Divali, wakala bara za dengu, wakapiga picha na taa,
wakabeba viti mia na ishirini kutoka ghalani hadi ukumbini,
kutoka ukumbini hadi ghalani,
na nje baiskeli zao zimekwisha geuzwa kuelekea kwao.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Sisi tuliwapa sahani miaka thelathini,
jembe tumelikalia.

Ndipo Dewika, mjukuu wa Soekhia mshona magauni,
akauliza, watu wakiwa wamekwisha simama:
“Bibi katibu, huyo Vijana ni nani?
Ana jina? Anakaa mtaa gani?”
Mwenyekiti Gangaram akacheka, peke yake.
“Viti nabeba tangu nina miaka tisa.
Leo nataka ufunguo.”

Funguo zilikuwa mbili.
Wa Gangaram uko shingoni, kwenye uzi mwekundu,
huoga nao, mkewe kaniambia.
Tulipiga kura mara mbili, ya kwanza hatukuiamini.
Kumi na mmoja kwa kumi.
Mkono wangu ulikuwa upande gani
kitabu hakisemi, na kitabu nakiandika mimi.
Ukatoka ufunguo wangu.

Basi Alhamisi wakawa wanakutana, wanane, mara watano,
Kishen akitoka zamu ya hospitali na nguo zake za kijani.
Meza ya tenisi hawakuigusa.
Waliimba ule wimbo tunaofungia ibada,
kisha wakamgeukia pandita: maana yake?
Akafungua kinywa. Akakifunga.
“Niliushika kwa sikio,” akasema, “kule Nickerie, kwenye mpunga,
nyuma ya baba. Naye sikumuuliza.”
Sijapata kuona mtu mzima akivua miwani polepole vile.

Wakaleta kamusi. Kihindi kikaingia Kiholanzi
kama mguu katika kiatu cha kuazima.
Mstari mmoja, jioni nzima,
na mstari wenyewe, kumbe,
ni wa mtu analalamika Mungu kachelewa.

Alhamisi iliyopita nilifika na sufuria ya wali wa maziwa.
Mlango umefungwa. Nikatia mkono mfukoni, mazoea,
nikakuta leso na tikiti ya tramu.
Nikagonga.
Ndani wanacheka, dholaki inatafuta mdundo, inaukosa.
Mvua ya Den Haag haishuki, inakuja kwa ubavu.
Nilikasirika, niseme kweli,
sufuria chini ya koti ikinipasha tumbo,
nikagonga tena, kwa kiwiko.

Kijana nisiyemjua akafungua kiasi cha uso wake.
“Umemfuata nani, Bibi?”
Nikamtajia jina langu. Halikumwambia kitu.
Akaiona sufuria, akafungua mlango wote.
“Viatu weka pale. Viti viko ghalani,
kachukue kimoja.”

Nikachukua viwili.