Mbavu za Mwavuli

Usiku wa kwanza niliona mstari katikati ya kioo,
umesimama wima kama uzi wa kupimia pindo.
Nikahamia kushoto, ukanifuata. Kulia, ukanifuata.
Nikasema: huyu ananitafuta mimi.
Siku mbili nikautegea sikio, cherehani imefunikwa,
sare za kwaya hazijatiwa vifungo,
mpaka Aikande akanipigia kutoka Dodoma, anacheka hadi anakohoa:
"Shoga, huyo si mtu. Kifaa kinajisikia chenyewe."

Nilikinunua Kiboriloni, chini ya rundo la chaja
na rimoti zisizo na wenyewe. Muuzaji alidhani ni flashi.

Kisha nikawa mlafi.
Nikapandisha ukuzaji hadi mwisho, chumvi kwa mkono wa mgeni,
na stesheni moja ya mjini, ile ya matangazo ya saruji,
ikaota kila mahali kama magugu:
juu, chini, hata kwenye masafa ya marubani.
Nikamwandikia Aikande: hewa yote ya Moshi ni saruji.
Akajibu neno moja. Punguza.
Nikapunguza. Saruji ikarudi kwake.
Pakabaki kimya, na ndani ya kimya
kitu chembamba, kinapumua.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa.
Basi nina deni nao kubwa.
Marubani wa KIA niliwasikiliza wiki nzima kwa FM,
nao wanaongea kwa AM,
nikawa kama aliyevaa shati ndani nje akamlaumu fundi.
Mvumo uliojaa kioo niliusingizia mlima:
Kibo amekaa kaskazini, nikasema, amenizibia.
Kumbe ni chaja ya mpangaji mwenzangu, Ndewario,
ile ya buku mbili, inayopiga kelele asizozisikia yeye.
Nikamwomba aichomoe. Akanitazama kama nimemwomba figo.
Akachomoa.
Mlima ukahama.

Lakini la saa ndilo linalonitia haya.
Ratiba ya setilaiti iliandika saa tatu na dakika kumi na mbili.
Mimi nahesabu kutoka mapambazuko: saa tatu ni saa tatu,
chai imeshanywewa, mabati ya Pasua yameanza kualika.
Nikapanda kwenye mnara wa tangi, antena mkononi, nikangoja.
Siku tatu. Muuza ndizi akaniuliza kama nimeweka nadhiri.
Kumbe ile ni saa ya Greenwich,
na kwetu hiyo ni kumi na mbili alfajiri;
yenyewe ilishapita zamani
juu ya godoro langu, mimi nakoroma.

Siku ya nne niliamka gizani.
Mbavu mbili za mwavuli wa shangazi,
nimezipima kwa futi ya kushonea, sentimita hamsini na tatu kila moja,
nimezitanua kama mikono ya mtu anayeuliza, sasa?
Laptopu juu ya kigoda, chini ya upenu. Manyunyu.
Na dakika ya kumi na mbili ikaanza:
tik, tik, tik,
mkasi unaokata kitambaa mbali sana.

Picha ikashuka mstari kwa mstari.
Bahari ikakaa magharibi. Ziwa Viktoria likakaa mashariki.
Nikawaza: nimeiharibu dunia.
Halafu nikaigeuza laptopu miguu juu.

Theluthi nzima ilikuwa imeliwa na chuya
(chaja imerudishwa ukutani, namjua mtu wangu),
lakini pale unapopaswa kuwa mlima
palikuwa na wingu jeupe, dogo kama punje ya mchele,
na ncha yake ya kusini imegusa Moshi.
Nikatoa kichwa nje ya upenu.
Lilikuwa linaninyeshea.

Shangazi akasimama mlangoni, Biblia kwapani,
anachelewa ibada ya alfajiri.
"Ndeshi, mwavuli wangu uko wapi?"
Sikujua nianzie wapi.
Nikamwonyesha ule mchele.