Kopo la Kunde

Kikundi kilinipa kopo kwa sababu nyumba yangu haivuji.
Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo, si uaminifu:
bati jipya, na rafu iliyo juu ya moshi wa jiko.
Kopo la maziwa ya unga, lile kubwa,
kunde hadi shingoni, majivu juu yake.
Mbaruku akaandika kwenye daftari:
*Mbegu, vibaba vinne. Ziko kwa mama Rehani.*

Wewe usiyeijua Kwale, shika hili:
hapa jembe likishuka shibiri moja linagonga matumbawe.
Udongo wetu tumeupika wenyewe.
Miaka mitatu tumebeba mwani kwa mapakacha,
tukaupigisha mvua mbili chumvi itoke,
tukauchanganya na samadi ya mbuzi wa Mashavu,
na majani ya mkungu,
na makumbi ya nazi zilizoliwa hitimani.
Tuta la kwanza lilizaa bamia saba.
Tulizihesabu kama meno ya mtoto.
Lakini tangu hapo hatungoji tena mchicha wa Mgandini
uvuke maji ndani ya gunia, ufike mweusi,
fungu shilingi mia saba.

Kisha vuli haikuja.
Kisima cha msikitini kikageuka chumvi.
Muhogo ukawa kuni.
Mjukuu wangu Shamimu aliamka na homa
akaniambia, Bibi, kunanukia kunde.
Hapakuwa na kilichonukia. Jiko lilikuwa na majivu ya juzi.
Nikapanda kigoda.

Usiku wa kwanza nilichukua konzi moja.
Konzi moja si wizi, ni kuonja.
Usiku wa tano niliacha kuzipa majina konzi zangu.
Nilizichemsha bila kutia chumvi, kisima kilishatia.
Mtoto akala, akalala, akaamka anadai mpira.
Nami nikajaza kopo majivu,
nikasindilia kwa mwiko.

Mvua ya kwanza ya masika iliwakuta wote shambani,
nyuma ya shule, miguu peku, majembe begani.
Lete kopo, mama Rehani.
Nililibeba kwa mikono miwili lionekane zito.
Mbaruku akaingiza mkono hadi kiwiko,
akautoa mweupe kama wa mchoma chokaa.
Nilikuwa nimeandaa uongo: panya.
Uongo mzuri, una hadi mkia.
Mdomo ukasema, Nimezipika.

Kidawa alitema mate, akaondoka.
Nikajua anakwenda kwa mwenyekiti.
Akarudi na fundo kwenye upindo wa kanga,
akalifungua kwa meno. Kunde nyekundu.
*Niliziweka kando mwaka juzi*, alisema,
*kabla hatujapima.*
Hakunitazama. Hakumtazama mtu.

Mashavu naye akakumbuka ana kitu nyumbani.
Soksi ya mtoto, imejaa, imefungwa kwa ukindu.
Semeni, bahasha ya msaada wa msiba.
Mmoja mmoja walipotea, mmoja mmoja walirudi,
mvua ikiwapiga, hakuna aliyekimbia.
Wa mwisho alikuwa Mbaruku mwenyewe, katibu, mtu wa mahesabu:
alikohoa, akaenda,
akaja na chupa ya dawa ya kikohozi
iliyojaa kunde nyeusi tititi.

Tulipopima, vibaba vitano.
Kimoja zaidi ya vilivyomo daftarini.

Mbaruku akachuchumaa, kalamu hewani,
matone yakilowanisha ukurasa.
Ataandika zimetoka wapi?
Kidawa alikuwa ameshainama, anachimba mashimo kwa kisigino.
*Andika mvua imenyesha*, alisema.

Zimeota mchanganyiko, nyekundu, nyeusi, zenye jicho,
zinapandana kama watoto kwenye mkeka mmoja.
Deni langu nalilipa kwa mwani:
wenzangu safari moja, mimi mbili.
Hakuna aliyenipangia.
Kopo liko kwa Kidawa sasa. Paa lake linavuja,
na hakuna aliyelitaja paa.

Kila mmoja, najua, ana fundo lake mahali.
Langu limo ndani ya mto wa kulalia.
Konzi moja.
Hilo, Mbaruku, usiliandike.