Kata Kushoto, Kisha Kulia

Skaidrite hukata fremu ya karatasi kwa mkasi wa kucha,
kushoto, kisha kulia,
na uzi wa kioo hubaki peke yake kati ya taya za mashine,
mwembamba hata jicho huukosa;
huujua upo kwa jinsi taa inavyoukwaruza.
Halafu huuvuta.
Tik.
Huandika: milimita ishirini, kani, tarehe.
Nyuzi elfu moja na mia nne tangu Oktoba,
na hakuna mbili zilizokatika sawa.
“Urefu ndio adui,” aliniambia siku ya kwanza.
“Uzi mrefu una mahali pengi pa kuficha aibu yake.”

Mimi kazi yangu hesabu, ghorofa ya juu,
dirisha likitazama Daugava iliyoganda.
Katika kompyuta yangu kila uzi ulikuwa na majirani sita,
umbali uleule, kama sega,
gundi imejaa kila pembe, haina hata pumzi ndani.
Uzi ukikatika, gundi iliushika palepale,
ikapokeza mzigo kwa jirani,
na hatua chache kutoka kwenye jeraha
uzi uleule ulibeba tena
kana kwamba haukuwahi kukatika.
Hapo ndipo nilipopapenda.
Nikaandika: megapaskali elfu moja mia moja arobaini.

Bamba likavunjika kwenye mia nane na sabini.

Mimi sikulisikia. Yeye alikuwepo.
“Lilianza mapema,” alisema, “tik, tik,
kama barafu ya Machi. Kisha kimya.
Kisha yote kwa mpigo.”

Tulilikata, tukaling'arisha, tukaliweka chini ya hadubini:
huku nyuzi zimebanana, bega kwa bega, hazina gundi ya kuzitenga,
kule dimbwi la gundi tupu,
na povu moja, duara, jeusi, lisilo na mwenyewe.

Nikakumbuka majira Ojars wa karakana alipokufa.
Tulisema tutagawana kazi zake.
Hatukugawana.
Aliyekaa meza ya pili yake ndiye aliyebeba,
miezi mitano, funguo zake na za marehemu kwenye kamba moja,
na sisi wa ghorofani tukisema umoja ni nguvu.

Basi nimezihesabu nyuzi kwenye picha,
elfu nne mia tatu na kumi na mbili,
nikaweka kila moja mahali ilipo,
si mahali ambapo ingenifaa.
Hesabu mpya inasema mia tisa na tano.
Thelathini na tano zilizobaki sijui zimekwenda wapi.

Nilimshukia na karatasi. Akaisoma na kibano mkononi.
“Povu umeliweka?”
Nimeliweka.
“Na Januari, nilipokuwa nikipaka gundi
mkono ukinitetemeka?”
Nikamwambia hilo sina herufi yake.
Akacheka kidogo, akainamisha taa,
akakata kushoto.